Kichwa Kilichoitikia

Jumanne, 4 Machi

Nimeambiwa niandike. Lynn, msichana wa kliniki aliyenivalisha mashine za masikio leo asubuhi, ndiye amenipa hili daftari. "Mama, andika kila siku unasikia nini, itatusaidia kuzirekebisha." Sawa. Nasikia kelele. Hiyo ndiyo ripoti yangu ya kwanza.

Mwanangu Khisa aliponinunulia alisema maisha yangu ya zamani yatarudi. Hakusema yatarudi pamoja na friji. Friji yangu inanguruma! Miaka kumi na moja nimeishi na friji inayonguruma na hakuna mtu katika nyumba hii aliyeona ni vizuri kuniambia. Halafu Jerry. Mume wangu, mtu wa miaka hamsini na sita, mzee wa kanisa, anatafuna ugali hadi sauti inafika jikoni. Ugali unatafunwa namna gani jamani mpaka upige kelele?

Nimemwambia. Amekasirika, akabeba sahani akaenda kula sebuleni. Nikamsikia akitafuna huko pia.

Jumatano, 5 Machi

Lynn alinikataza kuvaa mashine kwenye kinu. Hicho kinu cha kusaga mahindi ndicho kilichoniharibu masikio, tunacho hapa Kaptembwo mwaka wa kumi na tisa sasa. Nilizivaa hata hivyo, kabla Jerry hajawasha mota. Mwanamke mmoja na debe lake akamwambia mwenzake, "Huyu ni kiziwi, ngoja mzee atoke ndani." Yaani ananiangalia usoni, anasema hivyo, na anatabasamu.

Nikamwambia, "Huyu kiziwi ndiye anapima. Leta debe."

Alhamisi, 6 Machi

Kichwa kinauma. Betri moja imekufa.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani kila mtu alitaka kukagua masikio yangu kama ng'ombe wa mnada. Mama Sue wa ushirika alinikumbatia, mashine ikapiga mbinja, akaruka nyuma akisema, "Ai! Kwani inashika stima?" Nikacheka tu, eti umeme. Ningefanya nini?

Nangila alikuja chakula cha mchana. Hebu niandike juu ya Nangila, kwa sababu leo ndiyo siku pekee wiki hii sijamkasirikia mtu. Ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Alipoachana na mume wake alirudi nyumbani Rongai, akamtunza Mama hadi mwisho, na anaishi pale mpaka leo. Tangu masikio yangu yaanze kuzimika, yeye ndiye aliyekuwa masikio. Mazishi, harusi, mikutano ya shule, hospitali, yeye hukaa kando yangu ameshika mkono wangu. Watu wakisimama, ananigusa goti. Nikiulizwa kitu na jibu ni ndiyo, ananibonyeza mkono, nami naitikia kwa kichwa. Halafu ananiambia, "Nitakueleza baadaye, dada."

Aliziangalia mashine kwa muda mrefu. Akasema, "Sasa hunihitaji tena." Nikamwambia aache upuzi, apake siagi kwenye mkate.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua imeanza. Nilikuwa nimesahau kwamba mvua juu ya mabati ni vita. Niliketi kitandani mikono kichwani, nikiwatukana Lynn, Khisa, na aliyegundua mabati. Jerry alikuja akasema kitu. Sikusikia. Akarudia. Sikusikia. Akapunga mkono hivi, ile ishara yake ya "si kitu", akaenda zake.

Huo mkono nitaukata siku moja. Si kitu! Kama si kitu, mbona ulitembea kutoka sebuleni kuja kusema?

Ijumaa, 21 Machi

Kaka yetu mkubwa, Makhanu, alipita kwenye kinu. Makhanu hajawahi kuongea nami, hupiga mayowe. Miaka yote hii Kaptembwo nzima imejua mambo yangu kupitia mdomo wake. "MAMA KHISA! UMEAMKAJE! MGUU UMEPONA?" Na leo, na mashine masikioni, alifanya vilevile, nikadhani ubongo unatoka.

"Usinipigie kelele! Ninasikia!"

"NI VIZURI!" akasema.

Alikuja kusema kwamba savea wa kupima ardhi atafika Rongai mwezi wa tano kugawanya shamba la Baba, na sote watatu tutatia sahihi karatasi ya kukubali. "NI ILE TULIPATANA," akasema. Sawa. Baba alikuwa akifanya kazi relini, pesa yake ya kustaafu akaitumia kununua ekari sita Rongai, na Mama alisema wazi kabla hajafa, nikiwa nimeinamia mdomo wake: mbili, mbili, mbili. Mimi na Jerry tumepanga tukichoka na kinu tukajenge pale, tulime, tuache kula vumbi la unga. Ni hicho tu ninachotaka katika dunia hii.

Jumamosi, 29 Machi

Nimefunga mlango wa chumba niandike.

Nilienda Rongai kuangalia kama upande wangu umelimwa, maana kila mtu anapanda. Nangila alikuwa ameenda sokoni. Kwenye ua nikamkuta Kiptanui, jirani, yule mzee wa ng'ombe. Tangu niwe kiziwi, mimi na Kiptanui tumekuwa watu wa kupungiana mikono. Leo nilimsalimia kwa mdomo. Akashangaa, akasogea. Nikamwonyesha masikio. Akafurahi kweli, tukasimama tukaongea: mvua, mbolea, mke wake na shinikizo la damu. Mazungumzo ya kawaida kabisa! Nilikuwa karibu kulia kwa utamu.

Halafu akasema, "Na ulifanya vizuri sana kumwachia Nangila hiyo upande yako. Si wengi wanaweza."

"Upande upi?"

"Si hii ekari mbili. Si ulimpatia siku ile mlinyoa? Mimi nilikuwa. Ulikubali mbele ya watu."

Nikamwambia hapana, mzee, umechanganya. Akaniangalia, akaona uso wangu, akaanza kuongea juu ya ng'ombe. Nikamshika koti. Nikamwambia aseme yote, na aseme pole pole, na asiache hata neno moja. Akasema.

Ilikuwa siku ya tatu baada ya kumzika Mama, mwaka juzi, siku ya kunyoa nywele, ile ambayo sisi Wabukusu tunakaa chini na kumaliza maneno ya marehemu, mali yake, madeni yake, kila kitu. Ilisemwa kwamba Nasimiyu, yaani mimi, ameolewa, ana mume na kinu, na Nangila hana mahali. Nasimiyu akaulizwa kama anamwachia mdogo wake fungu lake. Nasimiyu akaitikia kwa kichwa. Watu wakapiga makofi.

Nakumbuka makofi. Nilipiga pia!

Jumapili, 30 Machi

Sikuenda kanisani. Sitaki kuona mtu.

Jumatano, 2 Aprili

Nimejaribu kukumbuka ile siku kipande kwa kipande. Tulikaa kwenye viti vya kukodi nje ya nyumba ya Mama. Nilikuwa nimenyolewa, kichwa kilikuwa baridi. Midomo ilikuwa inatembea. Nangila alikuwa kushoto kwangu, mkono wake ndani ya mkono wangu, umelowa jasho. Nilidhani ni uchungu. Nikawaza, maskini, amempoteza mama. Nikamfinya kumtia moyo. Naye akanifinya, kwa nguvu, mara mbili. Nikaitikia.

Baadaye nilimuuliza, "Wamesema nini?" Akasema, "Mambo ya shamba tu. Iko sawa."

Iko sawa. Nilimpikia chai siku hiyo. Nikampa shali yangu kwa sababu alikuwa anatetemeka.

Ninaandika hivi na kalamu inatoboa karatasi. Lynn akisoma hapa ajue si kosa la mashine.

Jumanne, 8 Aprili

Nangila ameandika kwenye simu: "Dada uko sawa? Hujanijibu." Sijajibu. Nilisaga magunia kumi na mawili bila kupumzika, Jerry akauliza kama nimepagawa.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Nilimwambia Jerry yote, mbele ya sahani ya kuku. Nilitarajia aangushe kijiko. Hakuangusha.

"Lakini hiyo si uliamua?" akasema.

Nikamuuliza alijuaje. Akasema alikuwa pale upande wa wanaume, aliona nikikubali, alishangaa, lakini akaona ni mali ya baba yangu, si yake.

"Jerry. Ulishangaa. Miaka miwili umeshangaa kimya kimya. Tulipokuwa tukichora ile nyumba kwenye karatasi, tukihesabu mabati, ulikuwa unafikiria tutaijenga wapi? Hewani?"

"Nilidhani utanunua mahali pengine. Nilidhani unaota tu."

"Mbona hukuniuliza?"

Akasema, na sikulazimika kumwambia arudie, "Kukuuliza kitu ilikuwa kazi, Mama Khisa. Unajua vile ilikuwa. Narudia mara nne, unakasirika, nakasirika. Kwa hivyo vitu vingine niliacha."

Vitu vingine! Nikamuuliza ni vipi hivyo vingine. Akarudi kwenye kuku wake. Nimekaa na huyu mtu miaka ishirini na nane, na kumi na moja ya hiyo alikuwa anachagua kipi kinafaa kurudiwa. Nilimwaga kuku wake kwa mbwa.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua wiki nzima. Redio imesema maji yameingia tena nyumba za watu Kihoto, kule Naivasha. Niliisikia mwenyewe, sikuambiwa na mtu. Mahindi yote yanayoletwa kinuni yamelowa, yanaziba kinu. Jerry ananisalimia kila asubuhi kwa adabu kama mgeni.

Jumamosi, 3 Mei

Nilienda kwa Makhanu nikiwa nimejiandaa kwa vita. Njia nzima nilikuwa naigiza maneno. Nilikuwa na uhakika ni yeye, maana yeye ndiye mwanamume, yeye ndiye aliandika kumbukumbu za kikao, yeye ndiye mwenye sauti. Nani mwingine angeweza kupanga jambo kama hilo? Nangila ni mtu wa kulia tu.

Alileta daftari la kikao bila ubishi. Mwandiko wake mkubwa, kila kitu kimeandikwa. Wazo lilitoka kwa Nangila. Alisema ameshaongea na dada yake na dada yake amekubali, ila aulizwe mbele ya watu ili iwe wazi. Na chini yake Makhanu ameandika: "Nasimiyu ameulizwa mara tatu na kaka yake kwa sauti ya juu. Mara mbili hakujibu. Mara ya tatu amekubali kwa kichwa."

"Mara tatu?" nikasema.

"MARA TATU! NILIPIGA KELELE MPAKA SHANGAZI AKANIAMBIA NAMTUSI MAREHEMU! NILIKUWA NATAKA USIKIE!" Halafu akakumbuka, akashusha sauti, na niligundua sijui sauti ya kaka yangu ikiwa chini. Ni sauti nyembamba, ya mtu mwenye aibu. "Ulikuwa unaniangalia tu, halafu unamwangalia Nangila. Nikasema labda mmeongea kweli. Lakini sikulala vizuri, Mama Khisa. Ndiyo maana nikaandika hiyo ya mara tatu."

Huyu mtu nimemchukia miaka kumi na moja kwa kunipigia mayowe. Nimemkwepa sokoni. Nimemwambia Nangila, mara ngapi sijui, kwamba Makhanu hana heshima, kwamba wewe mdogo wangu ndiye unajua kuongea na mtu. Na kumbe katika watu wote waliokuwa pale ni yeye peke yake aliyetaka nisikie.

Sikumwomba msamaha. Nilikuwa na hasira mno hata kwa hiyo.

Jumapili, 4 Mei

Nimezitoa mashine. Ziko kwenye droo na vijiko.

Jumatano, 7 Mei

Kimya.

Jumapili, 11 Mei

Bado ziko kwenye droo. Ni raha kutosikia, nisidanganye. Ningeweza kukaa hivi. Ningetia sahihi, Nangila angeendelea kuja Jumapili, angenishika mkono, tungekula. Hakuna mtu angenilaumu. Watu wangesema nina roho safi.

Na niandike na hii pia, kwa sababu ni kweli: nilipenda kuitikia. Kusema "rudia tafadhali" mara ya nne mbele ya watu, ukiona macho yao yanavyozunguka, kunaaibisha kuliko kukubali usichokijua. Nimeitikia kwa madaktari. Nimeitikia kwa walimu wa Khisa. Mwanamume mmoja aliniambia kitu kinuni nikaitikia nikicheka, na kumbe alikuwa ananiambia amefiwa. Kichwa hiki ni changu. Nangila alikitumia, lakini ni mimi niliyemwachia akitumie.

Mjinga mimi! Nimezirudisha masikioni. Friji bado inanguruma.

Ijumaa, 23 Mei

Kesho Rongai, siku ya savea. Betri mpya. Jerry ameuliza kama anaweza kuja. Nikamwambia aje, lakini akae mahali nitaona mdomo wake.

Jumamosi, 24 Mei

Nataka kuandika hii yote kabla sijapoa.

Tulikaa sebuleni kwa Mama. Makhanu, mimi, Jerry, Nangila, shangazi, Kiptanui kama jirani wa mpaka, na savea na vyuma vyake vya mipaka mlangoni. Nje kulikuwa kumekauka, asante Mungu, hakuna mvua juu ya bati. Nangila alikuwa ameniwekea kiti kando yake. Nikakibeba, nikakiweka upande wa pili, tukaangaliana.

Makhanu akasoma kumbukumbu. Alisoma kwa sauti ya kawaida, na nilisikia karibu yote. Watu walipoanza kuongea pamoja nikasimama. Nikasema, "Mtu mmoja mmoja. Na ukiongea niangalie. Sitaitikia kitu leo ambacho sijakisikia. Tukikaa hapa mpaka kesho, tutakaa."

Shangazi akasema, "Ai, Nasimiyu, tangu lini umekuwa mkali hivi?"

"Tangu mwezi wa tatu, shangazi."

Halafu nikasema nilichokuja kusema. Sitatia sahihi. Mama alisema mbili, mbili, mbili. Siku ya kunyoa sikusikia swali. Niliitikia kwa sababu nilibonyezwa mkono, na aliyenibonyeza alijua sijasikia.

Savea akajifanya anaangalia simu.

Nikamgeukia. "Nangila, uliniambia iko sawa. Kwa nini?"

Nilidhani atalia. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi. Hakulia. Alisimama, akaniangalia usoni vile nilivyoagiza, na kwa mara ya kwanza maishani hakunifupishia maneno.

"Kwa sababu nilichoka, dada. Miaka tisa wakati huo. Kila mazishi, kila harusi, nakaa kando yako nakurudia wewe maneno ya watu wengine. Hakuna siku nilienda mahali nikakaa na watu wangu. Mume wangu aliniambia, umeolewa na dada yako. Ukirudi nyumbani unalala, mimi sauti imekwisha, halafu narudi kwa Mama namgeuza kitandani. Ni nani aliuliza Nangila anataka nini? Wewe uliuliza? Nilitaka kitu kimoja kiwe changu. Ulikuwa umeshika mkono wangu, nikaona ni rahisi hivyo. Nikabonyeza."

Nilisikia kila neno. Hakuna lililopotea.

Nikamwambia, "Ungeniomba."

"Ungesikia?"

Mungu wangu, nilitaka kumpiga. Alikuwa mwizi na alikuwa anasema ukweli kwa mdomo uleule. Nikasema tu, "Ningesikia hiyo." Sijui kama ningesikia.

Kiptanui ndiye aliyekohoa na kusema savea ana kazi nyingine mchana. Makhanu akakata ule ukurasa kwa mstari, akaandika upya, mbili, mbili, mbili. Nikausoma mara mbili, nikatia sahihi. Nangila akatia sahihi bila kusoma. Tukatoka nje, vyuma vikapigwa chini, na kila nyundo ilinigonga kichwani, tang, tang, na sikuzitoa mashine.

Nyumba ya Mama imebaki kwenye kipande cha Nangila. Hilo nililisema mimi, na nilitaka liandikwe.

Jumatatu, 2 Juni

Jerry amenirudishia ile michoro ya nyumba, ameinyoosha kwa kitabu. Akasema, "Kuna vitu vingine nilikuwa sijakwambia." Akakaa na mimi tangu chai ya saa nne mpaka wateja wakaanza kugonga mlango wa kinu. Vingine vilinichekesha. Kimoja kilinifanya nimrushie kikombe.

Jumapili, 15 Juni

Simu iliita mchana nikiwa nafua. Lynn aliiunganisha na mashine, ikiita inaita ndani ya kichwa. Ilikuwa Nangila. Hajawahi kunipigia, tangu niwe hivi tumekuwa watu wa kuandikiana tu.

Akasema, "Dada." Nikasikia kuku wake, nikasikia akimeza mate.

Akauliza kama nimepanda maharagwe upande wangu. Hivyo ndivyo alivyosema, upande wangu. Nikamwambia sijapanda, nimechelewa, mvua inaisha. Akasema ana mbegu zimebaki, na udongo wa kule chini bado una maji, anaweza kunianzia kesho mistari michache nikitaka.

Bado nina hasira naye. Ninaandika hivi na bado ninayo, na nadhani nitakuwa nayo hata maharagwe yakishavunwa na kuliwa. Nikamwambia asiguse upande wangu, nitakuja Jumatano kupanda mwenyewe, azilete mbegu hapo mpakani. Akasema sawa. Nikakata simu, nikakaa juu ya ndoo ya nguo nikijitukana, kwa sababu nilikuwa nimefurahi kusikia sauti yake.